Toki renchi ya Kariakoo, Nm 28 hadi 210: tumeipima kwa ndoo ya maji

Boksi ni jekundu, la plastiki ngumu, lina vifungio viwili na kimoja hakishiki. Ndani kuna spana ya toki ya nusu inchi yenye urefu wa sm 47, ekstensheni ya inchi 5, adapta ya kushukia 3/8 na karatasi ya maelezo iliyokunjwa mara nane. Jina la kampuni halipo. Spana za namna hii zimejaa maduka ya vifaa ya Kariakoo na Gerezani. Hii ilianzia sh 120,000 mdomoni mwa muuzaji ikaishia 85,000. Gereji wanaiita toki renchi, au toki tu: unaweka namba ya ukazaji kwa Nyutoni-mita (Nm), na ukazaji ukifika hapo spana inalia "tak".

Kwa mwenye haraka: kwa nati za tairi za gari dogo inafaa, ilimradi uliyopata iwe nzima. Kwa plagi, boliti ya kumwagia oili na boliti za hedi ya injini haifai, hata kama namba zilizochorwa kwenye mpini zinaonyesha inafika huko. Uzima wake hauonekani kwa macho. Zilinunuliwa mbili, duka moja, siku moja, maboksi pacha. Moja ni nzuri, ya pili inadanganya kwa asilimia 11. Kilichozitofautisha ni ndoo ya maji, kamba, jiliwa na hesabu ya kidato cha pili.

Tuanze na hesabu, maana bila hiyo hata spana ya milioni moja ni chuma chenye kelele. Fundi akikwambia "kaza sana", hajakwambia kitu. Nati huzungushwa na momenti: kani mara umbali kutoka katikati ya nati hadi mahali kani inapovuta, umbali huo ukipimwa kwa pembemraba na mstari wa kani. Toyota ndogo kama Corolla na RAV4 zinataka Nm 103 kwenye nati ya tairi. Ukishika sm 40 kutoka katikati ya nati, unahitaji kani ya Nyutoni 257 hivi, sawa na kubeba dumu la lita 20 lililojaa pamoja na la lita 5. Ukishika sm 20, kani inakuwa maradufu. Wenzo ni uleule wa darasani, wenye egemeo na jitihada, ila hapa mzigo ni msuguano wa nyuzi za boliti.

Sasa mchukue mtu wa kilo 70 asimame juu ya wili spana ya sm 30, jambo linaloonekana kila siku pembeni mwa barabara. Uzito wake ni Nyutoni 685 hivi, mara 0.3 unapata Nm 205. Hiyo ni maradufu ya kinachotakiwa, na hajaruka bado. Akichomeka bomba, mkono wa wenzo ukawa sm 60, tunafika 411. Stadi, yaani boliti ya tairi inayoshika nati, huenda isikatike siku hiyo. Inavutika kidogo, inavutika tena safari ijayo, halafu inakatika siku unabadilisha tairi usiku Kibaha.

Ndoo inaingia hivi. Kitu kinachoning'inia kinavuta wima kuelekea chini, kani yake haibadiliki, na inajulikana kwa kupima maji. Mkono wa binadamu hauna sifa hata moja kati ya hizo. Lita moja ya maji ya bomba ni kilo moja. Ya bahari ni kilo 1.025 hivi, kwa hiyo usichote Coco Beach. Kilo moja hapa Dar inavuta Nyutoni 9.78, si 9.81 ya vitabuni, kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Tofauti hiyo ni theluthi moja ya asilimia, spana haitaijua, lakini tumeitumia kwa kuwa ndiyo ya hapa.

Bana boliti kubwa kwenye jiliwa, kichwa kikitazama pembeni, ili spana ikae mlalo na ishuke kuelekea upande wa kukaza. Boliti isizunguke hata kidogo. Ikizunguka hupimi kitu, unakaza tu. Vika boksi (soketi ya kichwa cha boliti), ingiza spana. Kwenye mpini kuna mfereji katikati ya sehemu ya kushika, na hapo ndipo kamba inapokaa. Pima kwa futi kutoka katikati ya kile kichwa cha mraba hadi kwenye kamba. Yetu ni sm 40 kamili. Ning'iniza ndoo tupu, kitako chake kikiwa sm 5 tu juu ya sakafu, kwa sababu spana ikilia mpini unaachia na kushuka ghafla, na hakuna anayetaka lita 20 miguuni. Kisha mimina maji polepole kwa jagi lenye alama, ukiandika. Ikilia, acha.

Kuna vitu viwili ambavyo wengi husahau kuviingiza. Kwanza, ndoo yenyewe na kamba: zetu zilikuwa kilo 0.9. Pili, spana nayo ina uzito. Hii ina kilo 1.3, na ukiisimamisha juu ya kidole inasawazika sm 20 kutoka kichwani, kwa hiyo inajiongezea Nm 2.5 kabla hujamimina tone. Ukiiweka 80, maji yanayotakiwa ni 80 ukitoa 2.5, gawanya kwa 0.4, gawanya kwa 9.78, toa 0.9. Jibu ni lita 18.9. Kiwango cha kimataifa cha spana hizi, ISO 6789, kinaruhusu kosa la asilimia 4 juu au chini kwa spana ya ukubwa huu. Kwa ndoo maana yake ni hivi: ikilia kati ya lita 18.1 na 19.7, ni nzima.

Spana ya kwanza, ikiwa imetoka tu kwenye boksi, ililia kwenye lita 20.1. Hiyo ni Nm 84.6, nje ya mpaka. Ukiishia hapo utairudisha dukani bure, maana kosa lilikuwa la mpimaji. Grisi ya ndani huganda spana ikikaa, na milio ya kwanza huwa ya juu. Inabidi uilize mara tano au sita kwa mkono ndipo upime. Baada ya hapo ilitoa lita 18.6, 18.9, 18.7, 18.8, 18.7. Wastani wake ni Nm 79.3 hivi, pungufu kwa karibu asilimia moja. Kwa sh 85,000 hatuna la kusema.

Ya pili, baada ya mazoezi yaleyale, ililia lita 21.2, na mara zote tano haikusogea zaidi ya lita 0.2. Hiyo ni Nm 89. Inarudia vizuri, lakini inarudia uongo. Spana ya namna hii inaweza kurekebishwa kwa skrubu iliyo kitakoni chini ya kile kifundo cha kufungia, ila ukiigusa bila ndoo pembeni unaharibu zaidi. Anayehitaji cheti cha urekebishaji, mfano gereji yenye mikataba na kampuni, aanzie kuulizia maabara ya ugezi, yaani ya usahihi wa vipimo, ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) pale Ubungo.

Kwenye 42, spana nzuri iliharibika tabia. Ilitakiwa ilie lita 9.2, ikalia 8.1, yaani Nm 37.7, pungufu kwa asilimia 10. Kwenye 28 mlio ni hafifu kiasi kwamba kelele ya bodaboda nje inaumeza. Hili halitushangazi. Kwa kawaida upimaji wa spana hizi huanzia asilimia 20 ya namba ya juu, na asilimia 20 ya 210 ni 42. Namba zilizo chini ya hapo zimechorwa kwa sababu springi ilikuwa na nafasi, na hata 42 yenyewe kwa spana hii si ya kuiamini. Ichukulie kama spana ya 60 hadi 200, utalala vizuri.

Kupima kwenye 103 kunahitaji lita 24.8, na ndoo yetu haichukui maji yote hayo. Mwanafunzi yeyote aliyeelewa momenti atasema: sogeza ndoo nje, mkono wa wenzo uwe mrefu. Kwa hesabu ya nati yuko sahihi. Kwa spana hii anakosea, na hapa ndipo penye utamu wa kifaa hiki.

Itazame bomba la spana karibu na kichwa. Ubavuni kuna kipini kidogo kilichogongwa, kama kitako cha msumari, sm 4 kutoka katikati ya ule mraba. Kichwa cha racheti kina mkia unaoingia ndani ya bomba, na mkia huo unacheza kwenye kipini hicho. Mwisho wa mkia unakaa juu ya kijiwe cha chuma kinachosukumwa na springi. Unapozungusha mpini kuweka namba, unaibana springi. Unapovuta, mkia unajaribu kukipindua kijiwe, kani ikiishinda springi, kijiwe kinapinduka, mkia unagonga ukuta wa bomba, ndiyo ile "tak!" unayoisikia.

Kwa hiyo spana haijui lolote kuhusu katikati ya nati. Inapima momenti kuzunguka kipini. Nati inapata kani mara sm 40, spana inahisi kani mara sm 36. Kiwandani wameshaweka hesabu hiyo kwenye namba, lakini kwa mkono uliopo sm 40 tu. Ukishika sm 30, uwiano unakuwa 30 kwa 26 badala ya 40 kwa 36, na nati inapata zaidi ya namba iliyoandikwa kwa asilimia 3.8. Ukishika shingoni, sm 20, ziada ni asilimia 12.5: umeweka 103, nati imekula 116. Ukichomeka bomba hadi sm 80, inapungua kwa asilimia 5. Ule mfereji kwenye mpini, kumbe, ni sehemu ya kipimo. Mkono mmoja, kidole cha kati juu ya mfereji, basi. Mkono wa pili ushike kichwa kukituliza, usisukume.

Kwa hiyo ndoo ilibaki sm 40, na dumu la lita 5 likafungwa kwenye kamba ileile.

Mtu mmoja ataona ekstensheni ya inchi 5 iliyomo kwenye boksi na kuogopa kwamba nayo inarefusha wenzo. Hairefushi. Inakwenda sambamba na mhimili wa nati, haiongezi umbali wa pembemraba. Kinachobadilisha ni kipande kinachotoka mbele ya kichwa, kama ile spana mdomo inayovikwa kwenye mraba kufikia nati iliyojificha. Hiyo ikiongeza sm 5 mbele, gawanya: 103 mara 40 kwa 45, weka 92 hivi. Ikikaa kwa pembemraba na mpini, acha namba kama ilivyo.

Pembe nayo ni ya kuangalia wakati wa kupima. Spana ikiinama nyuzi 30 kutoka mlalo, ndoo bado inavuta wima, na umbali wa pembemraba unashuka kutoka sm 40 hadi 34.6. Kwenye gari hili halikusumbui, mkono unafuata mpini wenyewe. Ndoo haifuati. Nyuzi 5 hazina neno, kosa lake halifiki nusu ya asilimia.

Haya, spana ni nzima na umeishika penyewe. Bado inaweza kukupotosha, na safari hii kosa si lake. Tunachotaka kwenye nati ya tairi ni stadi ivutike kama springi na ibane ringi. Momenti ni njia tu ya kukisia mvutano huo. Sehemu kubwa ya nguvu zako, karibu tisa katika kila kumi, inaliwa na msuguano wa nyuzi na wa uso wa nati. Kwa stadi ya milimita 12 iliyo kavu na safi, Nm 103 zinatoa mvutano wa tani 4.4 hivi. Pakaa oili, weka namba ileile, msuguano unapungua, mvutano unapanda hadi karibu tani 5.9. Theluthi nzima juu. Fundi aliyepaka oili "ili isishike kutu" na kukaza kwa toki amekaza kupita aliyekaza kavu kwa uangalifu mdogo.

Kutu ni kinyume chake. Magari yanayolala Kigamboni au Msasani, upepo wa chumvi usiku kucha, nyuzi zake zinachubuka. Spana inalia mapema, namba ni sahihi, ringi haijabanwa. Dawa ni brashi ya waya na kitambaa kikavu. Nati ikigoma kuingia kwa vidole hadi mwisho, usiilazimishe kwa spana. Nyuzi zimekufa, badilisha.

Kwa tairi la nati tano, ingiza zote kwa vidole ukihakikisha koni za nati zimekaa kwenye mashimo yake ya ringi. Boksi la nati ni namba 21. Zungusha kwa 50 kwanza kwa mtindo wa nyota: ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya pili, ya nne. Shusha jeki hadi tairi liguse chini lisizunguke. Weka 103, rudia nyota hiyo, vuta taratibu kwa mwendo mmoja. Ikilia mara moja, toka. Tabia ya kuliza "tak tak tak" kwa kujiridhisha inaongeza momenti kila mlio, na kuvuta kwa mshituko kunapitiliza kabla kijiwe hakijapinduka. Ringi za aloi zikaguliwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kama fundi tairi ameshazikaza kwa mashine ya upepo, kuja na toki baadaye kusikiliza mlio hakusaidii: italia hata kama nati ziko kwenye 200. Zilegeze kwanza, kisha kaza upya. Kulegeza kufanyike kwa wili spana, usiitumie toki.

Hedi ya 1NZ-FE, injini ya Probox na IST nyingi za mji huu, inaanza na Nm 29 kisha nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Hiyo 29 iko mkiani kabisa mwa spana hii, pale inapokosea zaidi. Boliti ya oili inataka 37.5, nayo ni palepale. Plagi za milimita 14 kwenye hedi ya aluminiamu ziko chini zaidi, kwa kawaida 18 hadi 30 kutegemea injini. Kazi hizo zinataka spana ya 3/8 yenye kikomo kidogo. Asiye nayo, plagi mpya yenye washa aikaze kwa vidole hadi iguse, kisha nusu mzunguko. Plagi iliyokwishatumika, sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko inatosha. Njia hiyo ni salama kuliko toki hii kwenye 28.

Malalamiko madogo. Racheti ina meno 24, kila hatua nyuzi 15, inasumbua penye nafasi finyu. Inapima upande wa kulia tu. Kifungio cha kitakoni hulegea chenyewe, kwa hiyo tazama namba tena baada ya kila tairi. Ikimaliza kazi irudishwe 28, isipite chini ya hapo, la sivyo kijiwe kinakaa upande na kipimo kinahama. Kwa shule, kinyume chake, tungeisifu bila masharti: kwa bei hii hakuna kifaa kingine kinachomwonyesha mwanafunzi egemeo lililojificha ndani ya wenzo, na ndoo ipo kila bweni.

Usomaji wa namba ndio uliokaribia kutuangusha. Shingoni mistari inapanda kwa 14: 84, 98, 112. Mzunguko mmoja wa mpini ni 14, na ukingo wake una alama za 0 hadi 13. Kwa 103, fikisha 98 sifuri ikiwa imelingana na mstari wa wima, kisha ongeza 5. Upande wa pili wa shingo kuna futi-pauni, zimechorwa kwa maandishi makubwa zaidi. Ukiweka 103 huko, nati inapata Nm 140. Upande huo sasa una tepu nyeusi ya umeme, imezungushwa mara mbili.